Ndege Aliyekamatwa Mpakani Atatibiwa Wapi?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupanda nyanda za juu za Iringa na Mbeya, ikapita Mlowo na Vwawa, na hatimaye ikafika Tunduma, mahali ambapo mtu akipiga hatua chache tu tayari yumo Nakonde, katika nchi ya Zambia. Kandokando yake inapita reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Malori ya shaba, mafuta, saruji na mahindi hupanga mstari mrefu hapo mchana na usiku, na tangu Oktoba 2019 watumishi wa nchi zetu mbili hukagua mizigo hiyo katika kituo kimoja cha pamoja. Kila mzigo una stakabadhi zake, kila stakabadhi ina mhuri wake, na kila mhuri una mtumishi wake.

Ipo shehena moja, hata hivyo, ambayo haina stakabadhi, haina mwenyewe anayejitokeza kudai kuwa ni yake, na ikikamatwa haina pa kwenda. Hiyo ni ndege wa porini aliye hai. Nasema ndege wa porini, siyo ile ndege ya abiria. Lugha yetu imewapa wote wawili jina moja na kuwatenganisha kwa ngeli tu, na nina hofu kwamba katika bajeti zetu ni ile ya pili peke yake inayokumbukwa.

Hatuwezi kusema kwamba nchi yetu haina sheria. Mwezi Septemba 1961, hata kabla bendera ya wakoloni haijateremshwa, Mwalimu Nyerere aliitangazia dunia pale Arusha kwamba kuhifadhi wanyama wa porini ni dhamana tuliyoichukua kwa hiari yetu. Ikafuata Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974, ambayo mahali pake pamechukuliwa na ile Namba 5 ya mwaka 2009. Ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Tena mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukutwa katika Uwanja wa Kilimanjaro wakiwa safarini kwenda Albania, Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyama hai wa porini kwenda nje. Wengi walikuwa hawajasahau kwamba katika uwanja ule ule, Novemba 2010, zaidi ya wanyama na ndege 100, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa usiku wakapelekwa Qatar.

Kwa hiyo sheria tunazo. Tatizo ni kwamba katika utekelezaji macho yetu yote humwelekea mtuhumiwa. Tunauliza amekamatwa na nani, amefikishwa mahakamani lini, atafungwa miaka mingapi. Maswali hayo ni ya haki kabisa. Lakini ndani ya lile tenga lililofunikwa kwa gunia, lililoshushwa kutoka juu ya lori na kuwekwa pembeni mwa ofisi, mna viumbe wanaohema. Kwa mwendesha mashtaka hao ni vielelezo. Kwa mwandishi wa habari ni picha. Ni nani katika Mkoa mzima wa Songwe ambaye kwake hao ni wagonjwa?

Niruhusiwe kueleza jambo lililonipata mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifumbua macho.

Nilifundisha shule za msingi katika Wilaya ya Mbozi kwa zaidi ya miaka ishirini. Asubuhi moja ya mwezi Juni, wakati wa baridi kali, wanafunzi wanne wa darasa la tano walikuja ofisini kwangu wakiwa wamebeba kitu kilichoviringishwa katika sweta la shule. Ndani yake alikuwamo bundi, wa aina ile yenye uso mweupe mfano wa moyo. Bawa la kushoto lilikuwa linaning'inia. Mtoto mmoja alikiri, bila ya kuulizwa mara ya pili, kwamba jiwe la manati lilikuwa lake. Nadhani alitegemea bakora. Badala yake alitokea mlinzi wa shule akiwa na chupa ya mafuta ya taa, akasema kwamba kiumbe huyo achomwe mara moja kabla jua halijapanda, maana bundi aliyeingia ofisini kwa mwalimu mkuu hakuja kwa heri.

Sina haja ya kuwaeleza walimu wenzangu jinsi imani hii ilivyoota mizizi, siyo kwa Wanyiha na Wanyamwanga peke yao bali karibu nchi nzima. Nilimwambia mlinzi, kwa heshima kwa kuwa alikuwa amenizidi umri, kwamba ghala la shule lina magunia ya mahindi na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelalamika juma lililopita kuhusu panya. Bundi wa aina hii hana kazi nyingine usiku isipokuwa kuwinda panya. Mzee alinung'unika, akaenda zake na chupa yake.

Nikamweka bundi katika tenga la kuku, nikaanza safari ya kumtafutia mganga. Ofisi ya kwanza niliyofika ilikuwa ya wanyamapori. Mtumishi niliyemkuta alinipokea vizuri, akaniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba ndege yule ni mali ya Serikali, na kwamba kukutwa naye bila ya kibali kungeweza kuniletea matatizo. Nikasema vyema, basi mpokee. Akacheka kwa huzuni. Hakuwa na tundu, hakuwa na chakula cha bundi, hakuwa na dawa hata ya kusafishia kidonda. Kazi aliyofunzwa ilikuwa ya kuzuia ujangili na kufukuza tembo mashambani. Akanishauri niende kwa bwana mifugo. Bwana mifugo naye alikuwa na dawa, sindano, bandeji na mikono iliyozoea kazi. Lakini aliniuliza, na swali lake lilikuwa la mtumishi makini, ni kwa mamlaka gani atamtibu mnyama wa porini. Na akiandika katika daftari lake kwamba ametumia bandeji na dawa kwa bundi, mkaguzi wa hesabu atasema nini?

Nikarudi naye nyumbani. Mke wangu alimpa uji wa maziwa kwa kijiko. Watoto walimletea ugali. Jirani alishauri maji ya chumvi. Sote tulifanya kwa nia njema, na sote tulikuwa tunamwua. Bundi hali nafaka, na tumbo la ndege halikuumbwa kwa maziwa. Maji yakimiminwa kinywani mwa ndege aliyelegea huingia katika njia ya pumzi na kumzamisha akiwa mkavu. Alikufa siku ya tano, alfajiri.

Miaka mingi imepita, na nimesoma mengi tangu hapo kuhusu jinsi ndege anavyotibiwa. Nathubutu kusema kwamba bundi yule alikuwa na jeraha la kupona. Mifupa ya ndege ni myembamba na mingi ina uwazi ndani, lakini huunga upesi kuliko ya kwetu. Mara nyingi majuma matatu au manne yanatosha. Wepesi huo huo ndio hatari yake, kwa kuwa bawa lisilonyooshwa katika siku za mwanzo huunga likiwa limepinda, na ndege aliyeunga vibaya haruki tena maisha yake yote. Tiba ya kwanza wala si dawa. Ni sanduku la karatasi lenye giza na matundu ya hewa, joto la kadiri, na utulivu, kwa sababu ndege wa porini anayetazamwa na watu ishirini anaweza kufa kwa hofu kabla hajafa kwa jeraha. Baadaye hufuata maji ya dawa kwa kipimo cha uzito wake, gango au bandeji ya kuzungusha bawa kwa umbo la nane, na mzani. Mzani ndio chombo kikuu, kwa kuwa ndege huficha ugonjwa wake hadi dakika za mwisho, na uzito unaopungua kila asubuhi ndio ushahidi pekee ambao hawezi kuuficha.

Nimesimulia habari ya bundi mmoja, na huenda msomaji akaona ni jambo dogo. Lakini maneno niliyoambiwa na watumishi wale wawili ndiyo kiini cha makala haya. Yule tuliyekuwa tukimwita Bwana Nyama zamani ana mamlaka juu ya ndege wa porini lakini hana dawa. Bwana Mifugo ana dawa lakini hana mamlaka. Mmoja yuko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, mwingine chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Ofisi zao huenda zikatazamana katika kiwanja kimoja, lakini kati ya jalada la huyu na jalada la yule pana mwanya, na katika mwanya huo ndimo ndege anamodondokea. Hakuna aliyetenda kosa hapo. Kila mmoja amefuata waraka wake. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaijua hali hii kuliko mimi.

Sasa tuutazame mkoa wetu. Songwe ulitenganishwa na Mbeya mwaka 2016, na kwa upande wa ndege Mungu hakuupunja. Kaskazini yake unagusa Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi yanayopanda na kushuka mwaka hata mwaka, ambako mwari, korongo, heroe na buabua hukutana na wageni waliotoka Ulaya na Asia kwa kukimbia baridi ya kwao. Mto Momba unamwaga maji yake huko. Mabonde ya Kamsamba na jirani zake yanalima mpunga, na palipo na mpunga na mtama pana kweleakwelea.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu kweleakwelea ni adui wa kweli, na mwandishi anayetetea ndege bila ya kumkumbuka mkulima hastahili kusikilizwa. Kweleakwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, ambalo si kundi kubwa kwa ndege hawa, linamaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Watoto huacha shule wakakaa shambani wakipiga madebe. Serikali inapoleta eropleni kunyunyizia dawa katika malalo yao wakati wa magharibi, inafanya kazi ambayo mkulima ameiomba.

Lakini dawa hiyo, iitwayo fenthioni, haichagui. Hushambulia mishipa ya fahamu. Kweleakwelea walioshiba sumu huanguka vichakani, wengine wakitapatapa hadi kesho yake, na asubuhi hushuka mwewe, tai, bundi na korongo kuokota karamu isiyo na jasho. Nao hulewa: mabawa yanalegea, miguu inakauka, mate yanatoka, macho yanabana. Mwanakijiji akimkuta tai katika hali hiyo husema amerogwa, au humkamata akamle. Ieleweke kwamba sumu hii ina kipinzani chake, nacho ni atropini, dawa ya zamani inayojulikana na kila daktari wa mifugo kwa sababu ng'ombe naye hulewa vivyo hivyo akinywa dawa ya kupe ya jamii hiyo. Ndege akiwahiwa mapema anaweza kusimama tena. Kwa hiyo ujuzi upo. Kinachokosekana ni mtu aliyetumwa kwenda malaloni siku ya pili akiwa na sindano na masanduku, kuokota walioponzeka, na kuwaonya wananchi wasile mizoga.

Wala isidhaniwe kwamba njia ni moja tu daima. Mwaka 2009, nzige wekundu walipoongezeka katika mbuga za Iku-Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, walinyunyiziwa vimelea vya ukungu unaowaua nzige bila ya kuwadhuru ndege wanaowala. Lilifanyika hapa hapa kwetu, na korongo aliyekula nzige wale hakuhitaji daktari.

Nimetaja hapo juu biashara ya mpakani, nami nitarudi huko. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania na Senegal zilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizouza ndege wengi wa porini ng'ambo. Wale kasuku wadogo wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, waliopewa jina la msafiri Mjerumani Fischer, walikamatwa kwa maelfu kwa maelfu. Soko lile lilifungwa baadaye na wanunuzi wenyewe: Marekani kwa sheria ya mwaka 1992, na nchi za Ulaya mwaka 2005, baada ya ndege waliokuwa katika karantini huko Uingereza kugundulika na mafua ya ndege, katazo la Ulaya likafanywa la kudumu mwaka 2007. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yakakubaliana kumwondoa kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo katika biashara ya kimataifa. Milango ikifungwa, walanguzi hutafuta dirisha. Barabara inayotoka Lubumbashi kupitia Zambia hufika Tunduma, na mpaka wetu na Zambia una njia za miguu ambazo hata wenyeji hawajazihesabu.

Tukumbuke pia kilichotokea Juni 2022. Ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangeruhusiwa kusafirisha wanyama waliobaki katika mazizi yao tangu katazo la mwaka 2016. Wananchi wakapiga kelele, na ruhusa ile ikasimamishwa. Nami nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Hata hivyo nilijiuliza, na bado najiuliza: tangu 2016 hadi 2022 wanyama wale walikuwa wanakula nini, na nani alikuwa anawatibu? Katazo lisilo na mahali pa kumpeleka mnyama linamwacha mikononi mwa yule yule aliyemkamata.

Majirani zetu wa Rwanda wametuonyesha kwamba jambo hili linawezekana katika nchi isiyo tajiri. Huko, korongo wenye taji, ambao kwao huitwa umusambi, walikuwa wakikamatwa wachanga mabondeni na kuuzwa kwa mahoteli na wenye nyumba kubwa ili wapambe bustani. Wengine walikatwa manyoya ya kurukia, wengine walivunjwa mabawa. Mwaka 2014 daktari mmoja kijana wa wanyama, Olivier Nsengimana, alianza kazi ya kuwarudisha. Yeye na Serikali ya nchi yake hawakuanza kwa pingu. Walitangaza redioni kwamba mwenye korongo aje aandikishe, hatashtakiwa. Watu wakajitokeza. Kila ndege akapimwa afya, akavishwa pete mguuni, akakaa karantini, kisha waliofaa wakapelekwa Hifadhi ya Akagera katika uwanja maalumu wakasubiri manyoya yaote upya, maana unyoya uliokatwa hauoti mpaka ndege abadilishe manyoya yake, na huweza kuchukua muda mrefu. Wale wasioweza kuruka tena walitengewa makao yao Kigali, ambako watoto wa shule huenda kuwatazama na kujifunza. Zaidi ya korongo 200 wametolewa katika bustani za watu. Na mabondeni, walipohesabiwa mwaka 2017 walikuwa 487. Mwaka 2021 walikuwa 881. Sidai kwamba ongezeko lote limetokana na tiba. Ulinzi wa mabonde na elimu kwa wananchi vimefanya sehemu kubwa. Lakini bila ya mganga, wale 200 wangekuwa bado wanatembea katika nyasi za hoteli.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni pingamizi la haki. Mtu atasema: zahanati ya kijiji chetu haina dawa za kutosha, mama wajawazito wanasafiri kwa pikipiki usiku, nawe unataka hospitali ya bundi? La hasha, sitaki hospitali. Sitaki jengo lenye kibao cha wafadhili na mlango uliofungwa kwa kufuli baada ya mradi kwisha; tumeyaona hayo ya kutosha. Nataka chumba kimoja katika ofisi ya mifugo iliyopo, Tunduma au Vwawa, chenye matundu machache, mzani, taa ya kutia joto, glavu za ngozi, gango, bandeji na chupa za atropini. Daktari tayari yupo na analipwa mshahara. Madaktari wetu wa wanyama wamekuwa wakifundishwa Morogoro tangu mwaka 1976, kabla hata ya Chuo Kikuu cha Sokoine kusimama chenyewe mwaka 1984. Mtu aliyejua kumtibu kuku hakosi pa kuanzia kwa kanga wa porini.

Na kuna sababu nyingine, ambayo nadhani hata yule asiyejali bundi ataikubali. Tenga la ndege wa magendo likishushwa Tunduma na kuwekwa karibu na nyumba za watu, haliji na ndege tu. Linaweza kuja na kideri, ambacho kila mama mwenye kuku anakifahamu kwa machungu. Linaweza kuja na kubwa zaidi. Mwezi Januari 2017 ndege wa majini walikutwa wamekufa Lutembe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na vipimo vikaonyesha mafua ya ndege. Bata na kuku wa kufugwa wa upande wa Masaka nao wakapatwa. Januari 2021, huko Djoudj nchini Senegal, mwari wapatao 750 walikufa kwa ugonjwa wa jamii hiyo. Mwari na buabua wapo Rukwa pia. Ni nani atakayetuambia wakianza kufa? Mvuvi atawaona kwanza, lakini mvuvi hana mtu wa kumpelekea habari ambaye kazi yake ni kuuliza kwa nini. Chumba ninachokiomba kingekuwa ndilo sikio hilo. Bila shaka ndege aliyeokotwa asichanganywe na kuku kamwe, na anayemshika afunike pua na mdomo na anawe mikono kwa sabuni. Na ndege wengi wakifa pamoja, wasiguswe na mtu yeyote mpaka mtaalamu afike.

Kinachotakiwa kwanza basi ni waraka, na waraka hauna gharama ila wino. Wizara hizi mbili, au hata Katibu Tawala wa Mkoa kwa kuwakutanisha wataalamu wake mwenyewe, waandike wazi kwamba daktari wa mifugo wa wilaya anaruhusiwa kumpokea na kumtibu ndege wa porini kwa kumwarifu afisa wanyamapori siku hiyo hiyo, na kwamba bandeji aliyoitumia isiwe hoja ya ukaguzi. Waandike pia kwamba raia anayempeleka ndege aliyejeruhiwa katika chumba hicho ndani ya siku moja hatahesabiwa kuwa mwenye kupatikana na nyara. Kwa sasa mwananchi mwema na mlanguzi wanaogopa jambo moja, na matokeo yake mwananchi mwema hugeuza uso akapita.

Upande wa mahakama utaratibu wa kuanzia upo. Nyara zinazoharibika huorodheshwa mbele ya hakimu ili shauri liendelee kwa karatasi wakati zenyewe zimekwisha kuondolewa. Ndege aliye hai anaharibika upesi kuliko nyama. Apigwe picha, aorodheshwe, hakimu aagize apelekwe kwa mganga siku ile ile, naye akipona arudishwe mahali alipotoka kama panajulikana na kama hana maradhi. Wapo ambao hawatapona. Hao mganga awapumzishe bila ya maumivu, na asionekane mkatili kwa hilo. Kumweka tai asiye na bawa ndani ya tundu miaka kumi ili tujisikie wema si huruma.

Kwa walimu wenzangu nina neno moja tu. Manati hayatoki mbinguni. Yanatoka katika mifuko ya kaptula za wanafunzi wetu. Hakuna somo rahisi kufundisha kama ndege, kwa sababu hakihitajiki kifaa chochote isipokuwa dirisha. Na mtoto aliyefundishwa kwamba ndege aliyeumia huwekwa katika sanduku lenye giza, bila ya ugali, bila ya maziwa, bila ya kumiminiwa maji, akapelekwa kwa bwana mifugo, atakuwa anajua zaidi ya nilivyojua mimi nilipokuwa na cheti cha ualimu na miaka ishirini ya kazi.

Wale watoto wanne sasa ni watu wazima. Yule mwenye manati alisomea mifugo, na leo ni bwana mifugo katika kata moja ya Wilaya ya Momba. Tulikutana mwaka jana katika stendi ya Mlowo. Aliniamkia, akanibebea mfuko wangu, na kabla basi halijaondoka akaniuliza, "Mwalimu, yule bundi ulimzika wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono, kana kwamba shule ilikuwa mbele yetu. Akaniambia kwamba mwezi uliopita wavuvi walimletea korongo aliyenaswa katika nyavu, mguu umekatika ngozi hadi mfupani. Alimsafisha na kumfunga usiku, nyumbani kwake, kwa dawa alizonunua kwa fedha zake, na hakuandika mahali popote. Nilimuuliza kama ndege yule alikuwa anaongezeka uzito. Akasema hajui, kwa kuwa hana mzani.